Kengele Inayolia Pasipo Moshi

Mwanangu Yakdhani alipokuja kuniambia kwamba anataka kuitia nyumba yangu akili, nilimjibu kuwa nyumba hii ina akili tangu siku niliyoolewa ndani yake, na akili hiyo ni mimi. Hakucheka. Alikuwa ametoka Maskati asubuhi ileile, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umefungwa bandeji tangu nilipoteleza bafuni.

"Mama, sina maneno mengi," alisema. "Ama uhamie kwangu, ama ukubali vyombo hivi. Tujaribu mpaka Idi. Vikikushinda, unahama."

"Na visiponishinda?"

"Utabaki hapa."

"Apa."

Akaapa. Yakdhani ni mtoto wa kiapo, akishaapa harudi nyuma, na hilo alilirithi kwa baba yake, Mungu amrehemu.

Watu watasema kuhama si kufa. Waseme. Nyumba yangu iko Nizwa, katika kichochoro kinachofuata mfereji, na dirisha langu linatazamana na la Zwena kiasi kwamba tunaweza kugombana na kupatana bila yeyote kati yetu kuvaa viatu. Kila siku baada ya alasiri mlango wangu huwa wazi, na wanawake wa kichochoro huja kunywa kahawa. Kwa Yakdhani ni ghorofa ya nane. Nilikaa huko mara moja, mwezi mzima, nikamwuliza jirani yake wa mlango wa pili anaitwa nani. Alifikiri kidogo, akasema, "Sijui, mama. Ana gari jeupe." Nikajua pale ni mahali pa kusubiria kufa.

Basi wakaja vijana wenye ngazi na waya. Kuta zilizojengwa na baba mkwe wangu wakazitoboa kama jibini. Waliweka kamera, wakaweka taa zinazojiwasha, mapazia yanayojifunga, na vitu vya mviringo darini vyenye kijitaa cha kijani. Wakaweka na mwanamke ukutani, asiyeonekana, anayesema Kiarabu cha msoma taarifa ya habari. Siku ya kwanza aliniambia nje kuna joto. Nizwa, wakati wa kiangazi, mtu ananiambia kuna joto!

Sitadhulumu. Taa ya bafuni niliipenda usiku uleule wa kwanza, maana ilijiwasha kabla mguu wangu haujagusa sakafu, ila sikumwambia mtu. Kiyoyozi nacho kilijua nikirudi sokoni. Lakini jicho walilolitundika katika ukumbi wa wanawake sikulivumilia. Nilipanda kiti, na mkono wangu mbovu vilevile, nikalivalisha kofia ya marehemu mume wangu.

Haukupita muda simu ikalia.

"Mama, mbona ukumbini kiza?"

"Baba yako anaangalia," nikamwambia. "Wewe endelea na kazi."

Mlango ndio ulionitia aibu ya kwanza. Ulikuwa ukijifunga wenyewe kila unapoachwa, na anayetaka kuingia lazima asimame uso uchunguzwe. Alasiri ya kwanza nilimsikia Zwena nje, sauti imepanda hadi kwenye mitende.

"Unaniuliza mimi nani? Wewe ndiye nani? Mimi nimemwogesha huyo aliyekununua! Fungua, mwanaharamu we!"

Nikaenda kumfungulia kwa mkono wangu. Akaingia anahema, akaketi, akasema hajawahi kuulizwa jina mbele ya mlango huu tangu mfereji uchimbwe, na mfereji wetu ulichimbwa kabla ya babu wa babu zetu. Nikamwomba radhi. Kumwomba Zwena radhi ni kazi nzito, maana huzipokea kama mfalme, na hukukumbusha baadaye.

Aibu ya pili ndiyo iliyoniangusha.

Kwetu mgeni akishakula tende na kunywa kahawa, huletewa chetezo. Ubani hupita kwa kila mtu, anaufukizia nguo na shela, kisha anaaga. Baada ya ubani hakuna kukaa, ndivyo tusemavyo. Siku ile ukumbi ulikuwa umejaa, kwa kuwa Rahma alikuwa amemwoza bintiye na kila mtu alitaka kusikia mahari na lawama. Nikaleta chetezo kikubwa na ubani wa Dhofari, ule mweupe usiochanganywa, niliokuwa nimeuficha kwa siku kama hiyo. Moshi ukapanda vizuri, mzito, wenye baraka.

Mara darini kengele ikalia. Sijui niilinganishe na nini sauti ile. Taa zote zikawa zinawaka na kuzima, mapazia yakajifungua pande zote tukawa wazi kama mabiringanya sokoni, na mwanamke wa ukutani akaanza kutuamuru tutoke bila kuchukua chochote. Moza, ambaye kwa miaka anasema magoti hayamruhusu kusali wima, aliruka juu ya mito mitatu. Nimeshuhudia wageni wengi wakiondoka baada ya ubani, lakini kwa mbio zile, sijawahi.

Tulikuwa bado kichochoroni, wengine peku, gari la zimamoto lilipokwama kwenye kona. Vijana wakaja mbio na mpira wa maji. Mkubwa wao akaingia, akatoka ameshika chetezo changu kwa vidole viwili, akauliza kwa heshima, "Mama, moto ndio huu?"

Kichochoro kizima kilicheka. Mimi nilicheka pia, mbele za watu. Niliporudi ndani nikakaa peke yangu na chetezo kilichozimwa kwa maji, majivu yamekuwa tope, nikalia.

Yakdhani alipiga simu kabla sijafuta machozi.

"Mama, nimepigiwa na kampuni, nimepigiwa na zimamoto, moyo wangu umesimama! Usichome tena ubani humo ndani. Na mimi nimeshaona. Vimekushinda. Idi ikipita nakuja kukuchukua."

"Yakdhani, ni ubani tu."

"Leo ubani. Kesho je? Mimi niko mbali, mama. Mbali!"

Akakata. Sikumlaumu hata kidogo, hasira yangu yote niliielekeza darini, kwa kile kijitaa cha kijani.

Nikatii. Magharibi ya kwanza sikuchoma ubani wetu wa kila jioni. Nimekaa, nasikia hatua, mlango unagombana na mtu, ni Zwena.

"Hujafa?"

"Sijafa."

"Mbona hufuki?"

"Nimekatazwa na mwanangu."

Akasonya, akaenda. Hajafika kwake, akaja Rahma. "Mama Yakdhani, u hai?" Kisha Moza na magoti yake. Kisha mke wa muadhini, ambaye hatusemezani vizuri tangu ugomvi wa zamu ya maji. Wote walikuja na swali moja. Magharibi ya pili, vilevile. Ya tatu Zwena hakuja, alipiga kelele dirishani tu, "Hujafa?" nami nikajibu, "Bado!" na tukaendelea hivyo. Nilikuwa naanza kukunja nguo zangu. Nilitoa sanduku nililokuja nalo kama bi harusi, nikaweka shela mbili, nikazitoa, nikaziweka tena.

Siku moja, kabla ya magharibi, akaja binti wa kampuni. Jina lake Shamsa, mtu wa Bahla, buibui safi, kitabu cha kioo mkononi. Kazi yake ni kuzunguka kwa waliotiwa vyombo na kuwauliza wanavionaje.

"Mama, kampuni inataka kujua umeridhika kiasi gani na nyumba yako. Kuanzia moja mpaka kumi."

"Andika sifuri."

"Haianzii sifuri, mama."

"Basi andika kwamba nimeuliza kwa nini haianzii sifuri."

Akaficha kicheko kwenye shela. Nikampenda. Nikamtilia kahawa, akanywa, akatikisa kikombe kwa adabu kuonyesha ametosheka, nikaona amelelewa.

"Watu wengine wanasemaje?" nikamwuliza.

"Wanaume wanapenda geti," alisema. "Vijana wanapenda muziki. Wanawake wote wa umri wako wameifunika kamera. Nimeona vitambaa, nimeona vikapu, nimeona sufuria. Kofia ndiyo mara ya kwanza."

"Ni ya mume wangu."

"Basi iko mahali pake."

Adhana ikapita. Haukupita muda mlango ukaanza kelele, na Zwena akaingia bila kungoja, kwa kuwa siku hizo tulikuwa tumeuegemeza jiwe usijifunge.

"Hujafa?"

"Nina mgeni, we mwanamke!"

Shamsa akatutazama kwa zamu. "Kwa nini anakuuliza hivyo?"

"Kwa sababu hafuki!" Zwena akajibu, mikono kiunoni. "Wewe mtoto wa wapi? Bahla? Nanyi Bahla hamchomi ubani magharibi? Kila nyumba hapa hufuka, mimi nachungulia tu. Yule anafuka, yule anafuka, alhamdulillahi, narudi kwenye sufuria yangu. Siku alipoanguka huyu nilichungulia, hakuna moshi. Nikasema, Ghaniya hawezi kusahau ubani, labda akili imemruka au mguu. Nikaja mbio, nikamkuta bafuni kalala kama gunia la tende."

"Gunia la tende mwenyewe."

"Panapofuka moshi, kwetu pana mtu," akamaliza Zwena, akachukua tende, akaketi bila kukaribishwa.

Nilitazama darini. Hasira yangu ya siku nyingi ikanitoka kinywani yenyewe.

"Hicho kitu chenu kinalia moshi ukitoka. Kingekuwa na adabu, kingelia usipotoka."

Shamsa aliweka kikombe chini. "Rudia, mama."

"Nimesema hakina adabu."

"Hapana. Hilo la mwisho."

Nikarudia. Akaanza kucheka peke yake, akasimama, akazunguka ukumbi shingo juu. Akasema palihitajika vitu viwili. Kwa moto wa kweli ataweka darini kengele ya aina nyingine, inayoshituliwa na joto kali na isiyojali ubani. Na hii ya moshi ataigeuza: magharibi ikipita bila moshi mpaka isha ikaribie, itume ujumbe kwa simu anazotaka mwenye nyumba.

"Inawezekana?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyewahi kuomba, ndiyo maana haijafanywa," akasema. "Nipe namba za simu."

Nikampa Yakdhani. Zwena akatoa simu yake kifuani akaitia mezani kwa kishindo, na kabla ya isha Rahma, Moza na mke wa muadhini walikuwa wamefika na simu zao. Mke wa muadhini alinibusu kichwani. Shamsa alikuja kesho yake na ngazi, akamaliza kazi, na mlango pia akaufundisha: alasiri ujifungue wote na ukae wazi mpaka magharibi, usimwulize mtu jina. Jioni ile nilichoma ubani hadi kofia ya marehemu ikanukia. Dari likanyamaza kimya. Nilikitazama kijitaa cha kijani nikakiambia, "Sasa umekuwa mtu."

Yakdhani sikumwambia lolote.

Idi ikaja, tukala nyama iliyofukiwa shimoni, watoto wakapata Idi zao. Siku ya tatu, baada ya alasiri, gari la Yakdhani likasimama mwisho wa kichochoro. Alikuja na mkewe Buthaina, wote wamevaa nyuso za watu wanaokwenda kung'oa jino la mwingine. Sanduku langu lilikuwa mlangoni.

"Umeshafunga, mama," akasema.

"Nimefunga. Ila uliapa mpaka vinishinde. Nipe magharibi moja. Kaa hapo."

"Magharibi ya nini?"

"Kaa, Yakdhani."

Akakaa. Adhana ikaita, tukasali, mlango ukajifunga. Nikaweka chetezo katikati ya ukumbi, kikavu, bila kaa wala ubani, nikakunja mikono. Buthaina alinitazama kama mtu anayewaza kumwita daktari. Nje palianza kuingia giza. Niliogopa, nakiri, kwani nilikuwa nimeweka nyumba yangu yote juu ya kitu cha mviringo ambacho juzi tu kilinidhalilisha.

Simu ya Yakdhani ikalia. Akaisoma, uso ukambadilika.

"'Nyumba ya Mama Yakdhani haijafuka'?" Akaniangalia. "Mama, hii ni nini? Haijafuka vipi?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Mlango uligongwa kwa teke, Buthaina akaufungua, Zwena akaingia mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. "Ghaniya! Ghaniya!" Nyuma yake Rahma na bakora ya mumewe, tayari kuvunja kitu. Moza akaja, sina la kusema juu ya magoti yale. Mke wa muadhini alikuwa na chupa ya maji ya zamzamu, na nje sauti za wanaume zikawa zinakohoa kwa adabu, zikiuliza kama waingie au walete machela.

Wote wakasimama. Wakaniona nimekaa. Wakamwona Yakdhani.

"Wewe!" Zwena akapiga kelele. "Uko hapa, mtu mzima na ndevu, na mama yako hafuki? Umekaa unatazama nini?"

"Mama Zwena, mimi sikujua..."

"Hukujua! Mtoto wa Nizwa hajui magharibi ni ubani! Umesoma mpaka ng'ambo, ubongo wameubakisha forodhani?"

"Nimekuogesha kwa mikono hii," Zwena akaongeza, akaitikisa, unga ukamwangukia Yakdhani kanzuni.

Buthaina alikuwa anacheka, kakiziba kinywa. Yakdhani hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, Rahma na bakora, Moza anayetweta, wanaume wanaokohoa nje, kisha akaniuliza polepole:

"Siku ulipoanguka, mama. Nani alikukuta?"

"Hukuwahi kuuliza."

"Mimi nilimkuta," Zwena akasema. "Alikuwa hajafuka."

Mwanangu alikaa chini sakafuni, kanzu yake nyeupe na unga wake, akaweka kichwa mapajani pangu kama alivyofanya alipokuwa na homa utotoni. "Nilidhani nimekuacha peke yako," akasema. "Kila usiku nilikuwa nadhani nimekuacha peke yako."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," nikamwambia. "Lakini za karibu ninazo, tazama, na moja ni bakora ya kweli."

Hapo ndipo wote tukacheka, na Rahma akaificha ile bakora nyuma ya mlango kwa aibu.

"Ghorofa ya nane ukianguka wewe," nikamwuliza, "nani atakuja?"

Aliinuka, akabeba sanduku langu la uharusi, akalirudisha chumbani. Nilisikia akiliweka mahali pake, chini ya dirisha, na nilitaka kupiga kigelegele. Nikapiga. Wenzangu wakanipokea, na wanaume nje, wasiojua lolote, wakaitikia alhamdulillahi. Kisha nikawasha kaa, nikatia ubani, chetezo kikazunguka, na baada ya ubani safari hii hakuondoka mtu.

Sasa kichochoro chote kina vile vitu vya mviringo. Shamsa amepandishwa cheo, na karatasi yake ya maswali, ameniambia mwenyewe, inaanzia sifuri.

Mimi niliomba zawadi moja tu. Nikataka kule ghorofa ya nane nako kiwekwe kimoja, na ujumbe wake uje kwangu. Buthaina alinuna kidogo, kisha akazoea, na kila magharibi simu yangu inakaa kimya nami najua wanangu wazima.

Mpaka jioni moja ikalia: nyumba ya Yakdhani haijafuka.

Nikampigia. "Hujafa?"

"Mama!" Anacheka. "Nimefika sasa hivi, Buthaina yuko kwa mama yake, makaa yameisha. Kesho nitanunua."

"Kesho ya nini? Gonga mlango wa pili, kwa yule wa gari jeupe, omba kaa la moto."

"Mama, watu huku hawaombani makaa."

"Gonga."

Nikakaa na simu mkononi, na Zwena dirishani ananiuliza kuna nini, namwashiria anyamaze. Ilipita muda mrefu, kahawa ikapoa. Mwishowe ikalia. Nyuma ya sauti ya mwanangu niliwasikia watu wengine, mtoto anacheka, vikombe vinagongana.

"Mama," akasema, "anaitwa Azzan."